Bill Snyder, mzee aliyeinyanyua Kansas State kutoka mkiani

Jumamosi ya Septemba 30, 1989, katika mji wa Manhattan, jimbo la Kansas, saa ya uwanja ilibakiza sekunde chache kufika sifuri. Wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi 17 kwa 14. Carl Straw, kijana mwenye kazi ya kupanga mashambulizi, akaurusha mpira kuelekea eneo la mwisho la wapinzani. Frank Hernandez akaudaka. Saa ikagota, ubao ukasoma 20-17, na watu wakamiminika uwanjani kana kwamba timu yao imetwaa ubingwa wa Marekani nzima.

Ubingwa wenyewe haukuwapo hata kwa mbali. Walichoshangilia ni ushindi wa mechi moja, dhidi ya North Texas, timu isiyo miongoni mwa wakubwa wa mchezo huu. Lakini Chuo Kikuu cha Kansas State hakikuwa kimeonja ushindi tangu Oktoba 1986. Kati ya siku ile na siku hii zilikuwa zimepita mechi 30: vipigo 29 na sare moja. Mwanafunzi aliyejiunga na chuo Septemba 1987 alikuwa ameanza mwaka wa tatu bila kujua timu yake ikishinda inakuwaje.

Aliyesimama kando ya mstari siku hiyo ni mtu mwembamba wa umri wa miaka 49, mpole wa sauti, asiyejulikana sana nje ya jimbo la Iowa alikotokea. Jina lake Bill Snyder. Ilikuwa mechi yake ya nne akiwa kocha mkuu, na tatu za kwanza alikuwa amepoteza zote. Mojawapo aliipoteza nyumbani, 10-8, mbele ya Northern Iowa, chuo cha daraja la chini. Msimu huo hakushinda tena. Alimaliza na ushindi mmoja na vipigo kumi, na chuo hakikumgusa.

Nimeandika habari za makocha kwa miaka mingi, na kila nikirudi kwenye kisa hiki sentensi hiyo ndiyo hunisimamisha: ushindi mmoja, vipigo kumi, na hakuna aliyemgusa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, maelezo machache yatasaidia. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande katika uwanja wenye urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani unapata tachidauni, pointi sita. Wachezaji wa vyuo ni wanafunzi, lakini ukubwa wa mchezo wenyewe usiuchukulie wa kishule. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam una viti 60,000. Kwa miji mingi midogo ya Marekani, isiyo na timu za kulipwa, timu ya chuo ndiyo timu ya mji, na Jumamosi ya mechi ni sikukuu.

Manhattan ni mmoja wa miji hiyo. Usiichanganye na Manhattan ya New York yenye maghorofa. Hii ya Kansas imekaa penye makutano ya mto Kansas na mto Big Blue, imezungukwa na vilima vya nyasi wanavyoviita Flint Hills, nchi ya ng'ombe na ngano. Chuo kilianzishwa mwaka 1863, miongoni mwa vya mwanzo kupewa ardhi na serikali ili wafundishwe watoto wa wakulima. Katika kilimo na mifugo kilijijengea jina. Katika futiboli kilikuwa kichekesho.

Maneno hayo si yangu. Mwezi ule ule wa Septemba 1989, jarida la Sports Illustrated lilichapisha makala ndefu iliyokipa chuo hiki jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Chuo Kikuu cha Kazi Bure. Wasomaji wa Kansas waliumia, lakini hesabu zilikuwa upande wa jarida. Tangu kilipoanza kucheza mwaka 1896, chuo kilikuwa na ushindi usiofika 300 na vipigo zaidi ya 500. Hakuna chuo kikubwa kilichotangulia kuifikia idadi hiyo ya vipigo. Ubingwa wa mwisho wa ligi ulikuwa wa mwaka 1934. Katika mechi za mwaliko za mwisho wa msimu, ambazo Wamarekani huziita boli na ambazo ndizo tuzo ya timu iliyofanya vizuri, kilikuwa kimealikwa mara moja tu, mwaka 1982, kikafungwa na Wisconsin 14-3. Ligi yake, Big Eight, ilikuwa na majabali mawili, Oklahoma na Nebraska, yaliyokuwa yakija Manhattan kuchukua ushindi kama mtu anayechukua kodi ya nyumba. Palikuwa na minong'ono kwamba chuo kiondolewe katika ligi, au kiuache mchezo kabisa.

Mkuu wa chuo wakati huo, Jon Wefald, alikuwa ameingia ofisini mwaka 1986 na kukuta idadi ya wanafunzi ikishuka. Aliamini kwamba mchezo huu ukifa, chuo kitaendelea kusinyaa. Yeye na mkurugenzi wa michezo, Steve Miller, ndio waliomfuata Snyder mwishoni mwa Novemba 1988.

Kwa nini Snyder? Tazama alikopita. Alizaliwa mwaka 1939, akalelewa St. Joseph, Missouri, na mama aliyeachana na mumewe, katika chumba kidogo cha kupanga; mama akifanya kazi dukani siku nzima, mtoto akijifunza mapema kwamba kitu kikiharibika hakuna wa kukutengenezea. Alifundisha shule za sekondari Missouri na California. Kisha akawa msaidizi wa kocha Hayden Fry, kwanza North Texas, halafu Iowa kuanzia 1979. Iowa nayo ilikuwa maiti. Haikuwa imepata msimu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 1961. Ndani ya miaka mitatu Fry aliifikisha Rose Bowl, na mtu aliyekuwa akichora mashambulizi yake ni Snyder. Kwa hiyo Manhattan hawakuchukua mtu wa kubahatisha. Walimchukua fundi aliyekwisha kuona kwa macho yake nyumba iliyoanguka ikisimamishwa upya.

Siku ya kutambulishwa alisema kwamba mahali hapo pana nafasi ya kufanya mageuzi makubwa kuliko yote katika historia ya futiboli ya vyuo, na kwamba si nafasi ya kuchezea. Mtu mwingine angesema vile, waandishi wangecheka. Yeye alisema bila tabasamu.

Kazi aliianzia chini kabisa. Alikuta wachezaji wenye ufadhili wa masomo ni kama nusu tu ya idadi iliyoruhusiwa. Sura ya timu aliibadilisha yote: jezi mpya, kofia za rangi ya fedha, na nembo mpya ya paka-mwitu, mistari michache mikali ya zambarau, iliyochorwa na mwalimu wa sanaa wa chuo hicho hicho. Wapo waliodhani ni urembo. Leo nembo hiyo imebandikwa kwenye maghala ya nafaka na vioo vya malori ya Kansas nzima, na mtu akiivaa anaivaa kwa kujisifu. Mwaka 1988 kijana aliyevaa fulana ya timu ile alikuwa anajitafutia kicheko.

Kisha aliwawekea wachezaji malengo 16, na malengo hayo hayakubadilika mpaka anaondoka. Kujitoa. Kutojipendelea. Umoja. Kuwa bora zaidi kila siku. Ukakamavu. Nidhamu ya nafsi. Kutokata tamaa, kutokubali kushindwa, kutojiwekea mipaka, na mengineyo ya namna hiyo. Ukiyasoma yote huoni popote imeandikwa idadi ya mechi za kushinda wala jina la kombe. Hili ndilo nililotaka kuliandikia makala hii. Makocha wengi tuliowaona huingia na ahadi ya kombe, kwa sababu kombe ndilo linalouza magazeti na tiketi. Snyder aliahidi kitu ambacho mchezaji angeweza kukitimiza Jumatatu asubuhi, akiwa peke yake, bila mpinzani: kuwa bora kidogo kuliko Jumapili. Timu iliyofungwa mechi 29 ukiiambia habari za ubingwa unaidhihaki. Ukiiambia irekebishe hatua moja ya mguu, inaweza.

Na yeye mwenyewe aliishi hivyo, hata kwa kupita kiasi. Alikula mlo mmoja kwa siku, usiku wa manane, kwa kuwa aliona chakula cha mchana kinamla muda. Taa ya ofisi yake ilikuwa ya mwisho kuzimwa. Wasaidizi wake walifanya kazi saa ambazo sheria yoyote ya ajira ingezishangaa. Hilo silisifu. Alipong'atuka mara ya kwanza, mwaka 2005, sababu aliyoitoa ni kutaka muda na familia yake, na mtu mzima akisema hivyo akiwa na miaka 66 anakuwa anataja deni alilolilimbikiza.

Hesabu za misimu mitano ya kwanza zinasema mambo vizuri kuliko mimi. Mwaka 1989, ushindi mmoja. Mwaka 1990, mitano. Mwaka 1991, saba. Mwaka 1992 akarudi nyuma hadi mitano. Hapo ndipo pa kusimama. Mtu yuko mwaka wa nne kazini, timu imeteremka, na misimu mitatu kati ya minne imekwisha na vipigo vingi kuliko ushindi. Mahali pengi angekuwa anakusanya vitabu vyake kwenye boksi. Sisi tunaofuatilia soka la kwetu tunajua kocha akipoteza mechi tatu mfululizo kamati hukutana usiku. Wefald hakuitisha kamati. Mwaka 1993 timu ilishinda mechi tisa, ikaalikwa Copper Bowl kule Tucson, Arizona, na maelfu ya watu wa Kansas wakasafiri jangwani kwenda kuona kitu ambacho baba zao hawakukiona. Wyoming ilifungwa 52-17. Tangu hapo timu ilialikwa mechi za boli miaka 11 mfululizo.

Wachezaji aliwatoa wapi? Hakuwa na namna ya kushindana na Nebraska kwa vijana wanaogombewa. Akatazama pembeni, na Kansas ina utajiri wa pembeni. Jimbo lina vyuo vingi vya miaka miwili vinavyocheza futiboli, ambako huenda vijana waliokosa alama za kuingia chuo kikuu au waliochelewa kukua kimwili. Snyder alivichimba vyuo vya aina hiyo kama mgodi, vya Kansas na vya majimbo mengine. Michael Bishop, aliyekuja kuwa mshindi wa pili wa tuzo ya Heisman mwaka 1998, tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, alitoka chuo cha miaka miwili cha Blinn, Texas. Wakosoaji walisema anaokoteza. Mimi naona aliwapa nafasi ya pili vijana ambao wakubwa hawakutaka kuwatazama, na nafasi hiyo waliilipa.

Chimbo la pili lilikuwa la wale wanaokuja kwa miguu yao, bila ufadhili, wakijilipia ada wenyewe na kuomba tu waruhusiwe kufanya mazoezi. Timu nyingi huwatumia kama wasindikizaji. Kwa Snyder mtoto wa mkulima aliyekuja hivyo alipimwa kwa kazi yake uwanjani. Jordy Nelson, aliyekulia shambani si mbali na Manhattan, alijiunga mwaka 2003 kwa njia hiyo, bila ufadhili. Februari 2011 alikuwa anadaka mipira tisa katika Super Bowl, fainali ya futiboli ya kulipwa, akiwa na Green Bay Packers, na akaondoka na pete ya ubingwa. Darren Sproles wa Olathe, jimboni Kansas humo humo, alikuwa na kimo cha kama sentimita 168. Katika mchezo wa majitu, kimo hicho huwafanya wasaka vipaji wafunge daftari. Snyder alimpa mpira.

Lipo jambo moja ambalo wapinzani wake hawakulisamehe, nalo ni ratiba. Mechi ambazo ligi haikumpangia, alijipangia mwenyewe timu dhaifu. Mwaka 1998, kwa mfano, Northern Illinois ilifungwa 73-7. Wengi waliita uoga. Kwa miaka ya mwanzo namtetea bila kusita: kijana aliyesahau kushinda lazima aanze kwa kushinda popote, kama mgonjwa anavyoanzishwa na uji kabla ya ugali. Lakini mwaka 1998 timu yake haikuwa tena mgonjwa, na hapo uji ule ulikuja kumtokea puani.

Hebu tukae na mwaka huo kidogo. Novemba 14, 1998, Nebraska ilikuja Manhattan. Kansas State haikuwa imeifunga tangu 1968, miaka 30 kamili, vipigo 29 mfululizo. Ikaifunga 40-30. Mwezi ule ule, kwa mara ya kwanza katika historia yake, timu ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika kura ya makocha. Ilifika Desemba 5 ikiwa imeshinda mechi zote 11, ikaenda St. Louis kucheza fainali ya ligi mpya ya Big 12 dhidi ya Texas A&M. Ikishinda, na mshindani wake UCLA ikiteleza, njia ya kucheza ubingwa wa taifa iko wazi.

Robo ya nne ilipoanza Kansas State iliongoza kwa pointi 27-12. Habari ikaingia uwanjani kwamba UCLA imefungwa na Miami 49-45. Uwanja ukalipuka. Waliokuwapo walijua nini maana yake: dakika chache za utulivu, na chuo kilichoitwa cha kazi bure kinakwenda kuchezea ubingwa wa nchi. Hizo dakika hazikupatikana. Texas A&M ikajikongoja hadi 27-27. Katika mpira wa mwisho kabla ya muda wa nyongeza, Bishop alirusha mbali, mwenzake akadaka, akaangushwa yadi chache mno kabla ya mstari. Katika nyongeza ya pili Sirr Parker wa Texas A&M akadaka pasi fupi, akachomoka, akaingia pembeni kabisa mwa eneo la mwisho. 36-33.

Yaliyofuata yaliuma zaidi. Mfumo mpya wa kupanga mechi kubwa, ulioanza msimu ule ule, uliiweka Kansas State nafasi ya tatu, lakini waandaaji wa mechi zote kubwa waliiruka, wakachukua timu zilizo chini yake. Ikapelekwa Alamo Bowl, ikafungwa na Purdue 37-34 huku mioyo yao imebaki St. Louis. Baadaye kanuni ilibadilishwa ili timu ya nafasi ya tatu isiweze kurukwa tena, na mpaka leo watu wa mchezo huu huiita kanuni ya Kansas State. Waandaaji wale waliitazama ratiba ile laini, wakautazama pia udogo wa jina. Kosa la kwanza lilikuwa la kocha. La pili lilikuwa dhuluma.

Kingine kinachopima kocha ni watu waliokaa ofisini kwake. Bob Stoops alikuwa naye tangu 1989 hadi 1995. Mike Stoops, Mark Mangino, Jim Leavitt, Brent Venables, wote walipita mikononi mwake, na wote walikuja kuwa makocha wakuu. Bob Stoops alipochukua Oklahoma mwaka 1999 alikwenda na watatu kati yao, na msimu wa 2000 akatwaa ubingwa wa taifa. Njiani aliifunga Kansas State mara mbili. Mwalimu alifungwa kwa somo alilolifundisha mwenyewe.

Deni hilo lililipwa Desemba 6, 2003, Kansas City. Oklahoma ya Stoops ilikuja fainali ya Big 12 ikiwa namba moja nchini, haijafungwa. Kansas State msimu ule ilikuwa imepoteza mechi tatu mfululizo, mojawapo nyumbani dhidi ya Marshall, kisha ikajikusanya na kuanza kushinda. Usiku ule Sproles, yule mfupi, alikimbia na mpira yadi 235. Mabeki wa Oklahoma walikuwa wanamwona akishapita. Matokeo 35-7, na ubingwa wa ligi ukarudi Manhattan baada ya miaka 69.

Alipostaafu mwaka 2005 uwanja ulipewa jina lake, naye akaomba lisiwe lake pekee. Ndiyo maana unaitwa Uwanja wa Familia ya Bill Snyder. Aliyemrithi, Ron Prince, alidumu misimu mitatu, akaondoka na ushindi 17 na vipigo 20. Chuo kikarudi kubisha hodi kwa mzee. Alikubali. Mwaka 2009, akiwa na miaka 69, alianza kujenga mara ya pili.

Wengi walitabiri aibu, kwa kuwa mzee anayerudi uwanjani mara nyingi huharibu jina alilolijenga. Mwaka 2011 alishinda mechi 10. Mwaka 2012 alishinda 11, akatwaa ubingwa wa Big 12 kwa kugawana na Oklahoma, na kwa wiki moja timu ilikuwa namba moja Marekani hadi ilipofungwa na Baylor 52-24. Aliyeiongoza ni Collin Klein, kijana wa Colorado ambaye aliwahi kuchezeshwa nafasi ya kudaka pasi kabla hajarudishwa kuzirusha, na mtindo wake wa kurusha haukuwapendeza mafundi. Alimaliza wa tatu katika kura za Heisman. Mwaka 2015 Snyder aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya vyuo akiwa bado kazini, heshima waliyoipata wachache sana.

Kitu kingine kidogo kilichomtambulisha ni barua. Mchezaji wa timu pinzani akiumia, au akicheza kwa moyo, siku chache baadaye alipokea barua iliyoandikwa kwa mkono kwa wino wa zambarau: kumtakia nafuu, kumsifu kazi yake, kumwombea mema. Vijana wa vyuo vingine walizihifadhi, wakaonyesha wazazi wao. Kocha aliyelala saa chache tu kila usiku alikuwa na muda wa kumwandikia kijana aliyemfunga.

Hakuwa malaika. Mwaka 2017 mchezaji wake mmoja aliomba kuhama, akataja vyuo 35, na vyote akakataliwa. Snyder aliutetea msimamo huo hadharani, akatamka mambo ya siri ya kijana yule ambayo hakupaswa kuyatamka, kisha akaomba radhi na kumruhusu aende. Kwake mchezaji alikuwa mtu aliyeweka ahadi, na ahadi haivunjwi. Alisahau kwamba makocha wenyewe huhama kila mwaka na hakuna anayewafungia mlango. Mwaka huo huo alikuwa anatibiwa saratani ya koo, na hakukosa msimu. Desemba 2018, baada ya msimu wa kushinda mechi tano na kupoteza saba, alistaafu moja kwa moja akiwa na miaka 79. Naamini alichelewa kama miaka miwili.

Je, kazi kama yake inawezekana leo? Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima kama zamani. Kocha Curt Cignetti aliingia Indiana, chuo kingine kilichokuwa kimezoea mkia, akaja na kundi la wachezaji wake kutoka chuo cha James Madison, na msimu wake wa kwanza, 2024, akashinda mechi 11. Snyder alihitaji miaka tisa kufika 11. Sisemi Cignetti amepata kwa bure. Kuwachagua watu sahihi ni kazi ngumu pia. Lakini ni kazi nyingine. Huyu alinunua matofali yaliyochomwa. Yule alichimba udongo, akafinyanga, akachoma, na aliyempa muda wa tanuri kupoa alikuwa Wefald. Jordy Nelson wa leo, mtoto wa shamba asiyejulikana, akichanua mwaka wa tatu, wa nne atauchezea chuo kingine chenye fedha nyingi. Hilo linanisikitisha, na sioni haya kulisema, hata kama haki ya kijana kulipwa naiunga mkono kwa mikono miwili.

Barry Switzer, aliyeifundisha Oklahoma kuanzia 1973 hadi 1988 na kuifunga Kansas State kila mwaka alipokuwa pale, alimtaja Snyder kuwa kocha wa karne. Aliyatoa maneno hayo mtu aliyeijua timu ile ilipokuwa shimoni, kwa kuwa yeye ni mmoja wa walioichimbia.

Leo ukitoka barabara kuu namba 70 kuelekea Manhattan unapita kwenye barabara yenye jina la Bill Snyder, inayopanda na kushuka vilima vya nyasi mpaka mjini. Nje ya uwanja imesimama sanamu yake. Kabla hajafika, zaidi ya miaka 90 ya futiboli ilikuwa imekipa chuo kile ushindi usiofika 300. Katika misimu 27 Snyder aliongeza 215.